Ibara ya Atupele

Mvua ya Tukuyu haina adabu. Huingia bila hodi, hukaa wiki nzima, na ikiondoka huacha ukungu nyuma yake kama mgeni aliyesahau koti. Asubuhi hiyo ilikuwa bado imekaa. Wakili Tusajigwe Mwakalinga alishuka garini mbele ya nyumba ya wazee, akajikinga kichwa kwa mkoba, na gari likamuuliza kwa ile sauti yake ya upole inayokera kama limsubiri au liende zake.

"Subiri," alisema.

Likazima taa. Humo ndani likahifadhi nani kashuka, wapi, saa ngapi, na matope yalikuwa kiasi gani. Magari ya siku hizi hayasahau kitu, na ndiyo maana Idara, ile iliyokuwa ikipoteza watu, haikuyatumia hata siku moja. Katika miaka ile mibaya Idara ilikuwa na Landrova kuukuu za kuendeshwa kwa mkono, na madereva wachache wanaojua bado kushika usukani. Landrova haikujua ilikotoka wala ilikokwenda. Aliyejua ni dereva peke yake. Na dereva wa mwisho aliyebaki hai, Mzee Gwakisa, alikuwa ndani ya nyumba hiyo ameketi dirishani akinywa uji, asikumbuke kama mkewe amekufa au amekwenda sokoni.

Ipyana, wakili wa serikali, alikuwa akimngoja barazani. Kijana msafi, mpole, mwenye haraka. Kwapani alibana kisanduku kisichozidi kile cha kubebea chakula.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Umekuja nalo?"

"Nimekuja nalo. Siku hizi ni jepesi."

Tusajigwe hakutaka kulitazama. Alilijua Chujio tangu Ipyana hajazaliwa. Ni kofia tu, ya nyuzi nyembamba kuliko nywele. Wanaosema kwamba linasoma mawazo kama mtu asomavyo gazeti hawajaliona likifanya kazi. Humpa mtu kitu kidogo, harufu ya dizeli labda, au mlio wa geti, kisha husikiliza ni pembe ipi ya ubongo imeshtuka. Hurudia tena na tena, mpaka kutokana na mishtuko hiyo lichore picha: barabara, daraja, uso. Ubaya wake ni kwamba ukivuta uzi mmoja wa sweta unakuja na wenzake. Kilichochujwa hakibaki kama kilivyokuwa. Mtu mwenye afya hutoka na kumbukumbu zilizopauka, mithili ya nguo iliyofuliwa kwa jiki. Kuhusu Mzee Gwakisa daktari alikwisha kusema bila kuzunguka: hatabaki na kitu.

Baba yake Tusajigwe alikuwa mwalimu wa hesabu. Walimvisha kofia hiyo, akawataja wenzake wote bila kufungua mdomo, na aliporudishwa nyumbani alimwita binti yake "mwanafunzi" mpaka siku anakufa. Ndipo Tusajigwe alipoamua kusomea sheria. Idara ilipoanguka na Shirikisho likaja na katiba mpya, wakati nchi moja moja za mbali zilikuwa zimeanza kukubali kwamba akili ya mtu ni nyumba yake na serikali haina ufunguo, yeye alikuwa miongoni mwa walioandika Ibara ya Sita: akili ya mtu haitafunguliwa, kwa njia yoyote, bila ridhaa yake mwenyewe anayeielewa. Wenzake walitaka waandike "kwa kifaa chochote". Akagoma. Alijua kuna watu wasiohitaji kifaa.

Wananchi hawakuiita Ibara ya Sita. Waliiita Ibara ya Atupele, kwa jina la mwalimu wa shule ya msingi aliyekataa kuvaa kofia mbele ya darasa lake, akapakiwa kwenye Landrova, asionekane tena. Jina hilo lilipendekezwa na Tusajigwe, na ukumbi mzima ulisimama ukapiga makofi.

Dereva wa Landrova ile alikuwa Gwakisa.

"Mama yake Atupele yu hai," Ipyana alisema. "Na ipo Ibara ya Kumi na Moja, unaijua kuliko mimi. Familia ya aliyepotezwa ina haki ya kuambiwa alipo. Haki mbili zimekutana mlangoni, Mheshimiwa, na bawabu ni wewe."

Alisema kweli. Mtu aliyepotewa na akili hawezi kuridhia wala kukataa, kwa hiyo sheria ilimwekea Mlinzi wa Akili, na mlinzi wa Gwakisa alikuwa Tusajigwe. Neno lake lilikuwa neno la mzee.

"Na wewe unatafuta nini? Usinifiche."

Ipyana hakuficha, na hilo lilikuwa jema lake. "Nina mahabusu kule Mbeya. Watekaji wa watoto. Wanajua walikowaficha na wanatucheka. Wewe mwandishi wa ibara ukikubali mara moja tu, kwa sababu njema, hakuna jaji atakayenikatalia mimi."

"Wote hao wana hatia?"

"Wengi wao," Ipyana alisema.

Tusajigwe akaingia ndani. Mzee Gwakisa alipoona koti jeusi mlangoni aliweka kikombe, akasimama wima, mikono ikinyooka kando ya mapaja.

"Mheshimiwa! Gari liko tayari."

"Hakuna safari leo, mzee. Kaa."

"Sawa, Mheshimiwa." Akakaa papo hapo.

Alivuta kiti karibu naye, akamwambia taratibu, maana sheria ilitaka aulizwe hata kama hataelewa. "Mzee, kuna watu wanataka kukuvisha kofia, wajue ulikopita zamani. Unakubali?"

Mzee akatazama mvua nje. "Kwa baridi hii," alisema, "kofia ni jambo jema."

Tusajigwe angecheka kama asingekuwa karibu kulia. Alitoka barazani akamwambia Ipyana hapana.

* * *

Habari kama hiyo haitumwi kwa simu. Alipanda mwenyewe mpaka kwa Bibi Sekela, mama yake Atupele, ambaye nyumba yake ilikuwa juu, mahali gari liligoma kufika kwa utelezi.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na migomba. Tusajigwe alijua maana yake, na kila mtu wa milima ile alijua. Katika miaka ya Idara watu walijitungia desturi yao, kwa kuwa huwezi kuacha kuzika kwa sababu tu umenyimwa maiti. Mtu akipotezwa, jamaa zake huotesha mgomba nyuma ya nyumba. Siku wakichoka kutafuta, mgomba hukatwa, kipande cha shina chenye kimo cha mtu huvishwa nguo za aliyepotea, hulazwa kaburini, na watu humlilia kama maiti wengine. Ila hakati mtu yeyote tu. Hukata yule aliyetamka kwamba basi, tusitafute tena. Ni mzigo huo. Zipo koo ambazo hazisalimiani hadi leo kwa sababu ya nani alishika panga.

Bibi Sekela hakuwahi kutamka. Mgomba wake ulizaa, ukafa, ukaacha machipukizi, nayo yakazaa yakafa, mpaka mgomba mmoja ukawa shamba. Ndizi zake hakuzila. Aliwagawia majirani.

"Karibu, mwanangu. Umelowa chepechepe. Sogea jikoni."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya sema, maana wakili hapandi mlima huu kufuata magimbi."

"Nimekataa, mama. Lile Chujio. Mzee hawezi kuridhia, na mimi siwezi kuridhia kwa niaba yake jambo litakalommaliza."

Bibi Sekela aligeuza magimbi kwenye makaa, moja baada ya jingine, asiunguze hata moja. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, amevaa sweta juu ya kanga, na sauti yake haikupanda.

"Mimi sikusoma," alisema. "Kwa hiyo nieleweshe. Mwanangu alikataa kofia, wakamuua. Huyu aliyempeleka akauawe, ninyi mnamlinda asivishwe hiyo hiyo kofia. Kwa sheria gani?"

Tusajigwe alitazama makaa. "Ile yenye jina lake."

"Hata jina lake mmechukua. Mkampa dereva wake ajifunikie."

Tusajigwe alijua amefanya haki, na bado aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Alianza kueleza habari za mahabusu wa Mbeya, habari za baba yake, habari za mlango ambao ukishavunjwa hautengenezeki. Bibi Sekela alimsikiliza hadi mwisho, kwa heshima, kama amsikilizavyo mhubiri wa dhehebu lingine.

"Siombi afungwe," alisema baadaye. "Wala siombi atubu, ataanzia wapi? Naomba mahali tu. Nikitaka kulia, nijue nielekee upande gani. Sasa hivi nalia ovyo."

Akamwekea magimbi kwenye sahani, akamkaribisha ale. Tusajigwe alikula yote, kwani kuacha kungekuwa tusi la pili.

* * *

Sheria ilikataza mtu mwenye shauri kumtembelea mlindwa. Tusajigwe aliijua kanuni hiyo kwa moyo. Lakini siku chache baadaye, alipokuwa barazani pale pale na Ipyana, wakibishana juu ya rufani, alimwona Bibi Sekela akitokea kwenye ukungu na kikapu kichwani, miguu imejaa matope hadi magotini.

"Nimekuja kumwona mgonjwa," alisema.

Nani atamrudisha mlangoni mama wa umri ule, kabeba chakula, mvua inanyesha? Kanuni ilisema arudishwe. Tusajigwe alikuwa amelelewa kwanza, akasomea sheria baadaye. Akampisha. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na mtu asiyetoka kwenye milima ile asingelifanya.

Aliketi pembeni kama mlinzi alivyopaswa. Ipyana alisimama mlangoni. Kwenye pembe ya miwani yake kulikuwa na kijitaa cha kijani, maana yake ilikuwa inanasa kila neno.

Bibi Sekela alifungua kikapu. Maziwa mgando, na ndizi zilizopikwa zikaiva vizuri. "Za mgomba wa nyuma," alimwambia Tusajigwe bila kumtazama. Kisha akamlisha mzee, kijiko kwa kijiko, akimfuta kidevu kwa ncha ya kanga.

Mzee Gwakisa alikula. Katikati ya kula akasimamisha mkono wa yule mama, akamtazama usoni muda mrefu.

"Mama Bupe," alisema. "Umerudi."

Mama Bupe alikuwa mkewe, marehemu wa miaka mingi.

"Nimerudi," Bibi Sekela alijibu.

"Sikulala, Mama Bupe. Nilikwambia nitaacha hii kazi."

"Uliniambia."

"Yule mwalimu alikuwa anatetemeka." Machozi yalianza kumtoka mzee, akayaacha yatiririke. "Nikampa koti langu. Wewe usinigombeze kuhusu koti. Nilijua utanigombeza, ni lile jipya."

Bibi Sekela aliweka kijiko chini. "Sikugombezi, baba. Koti umeliacha wapi?"

Hapo ndipo Tusajigwe alipoelewa. Lilikuwa swali dogo la mke kwa mumewe. Lilikuwa pia mkono unaopapasa komeo la nyumba ambayo mwenyewe hayupo. Hapakuwa na kofia, hapakuwa na nyuzi. Palikuwa na maziwa mgando na kanga na uongo mmoja mpole. "Kwa njia yoyote": hivyo ndivyo alivyoandika katika ibara, akijiona mwerevu.

"Tulivuka daraja la Kiwira," mzee alisema. Mikono yake ilikuwa imejikunja hewani, ikishika usukani usiokuwapo. "Tukaacha lami. Kushoto. Kuna njia ya magogo, inateleza sana. Mbele kuna kanisa limeanguka paa. Sasa ukishalipita kanisa..."

Akasita, akitafuta. Bibi Sekela alikuwa ameinama mbele, mdomo wazi, amekuwa kama mtoto anayengoja kulishwa.

Tusajigwe alitaka kunyamaza. Mungu ni shahidi, hakuna kitu alichowahi kukitaka zaidi ya kunyamaza dakika ile moja. Lakini kijitaa cha kijani kilikuwa kinawaka, na alimwona Ipyana amekaza macho, akijifunza. Kesho Mbeya wangeajiri akina mama wenye vikapu. Wangewafundisha kuita "baba", kuita "mwanangu". Kila mahabusu mwenye homa, kila mzee aliyechanganyikiwa, kila mwalimu wa hesabu angeamka na kumkuta kando ya kitanda mtu anayemlisha kwa upendo na kumuuliza jambo dogo. Na wangesema: mwandishi wa ibara mwenyewe alikuwepo, hakuzuia.

"Basi, mzee," alisema. "Inatosha."

Mikono ya Gwakisa ilianguka magotini. Mgongo ukanyooka. "Ndiyo, Mheshimiwa."

"Malizia, baba Bupe," Bibi Sekela alisema haraka. "Ukishalipita kanisa?"

Mzee hakumtazama tena. Alikuwa amegeuka upande wa koti jeusi, akingoja ruhusa, kama alivyongoja ruhusa maisha yake yote. Wakubwa walimwambia endesha akaendesha, wakamwambia usiseme asiseme. Tusajigwe hakumpa ruhusa. Baada ya muda mzee akasahau kwamba alikuwa anangoja kitu, akauliza kama uji upo.

Bibi Sekela alifunika bakuli lake. Alikusanya vijiko, akakunja kanga, akatoka.

Ipyana alivua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu. "Lilikuwa limebaki neno moja, Mheshimiwa."

"Najua."

"Neno moja tu."

"Najua, Ipyana. Futa ulichonasa."

Akafuta mbele yake, kwa sababu sheria ilitaka hivyo.

* * *

Hakuna sheria inayoweza kumfutia mama masikio. Bibi Sekela alikwenda Kiwira na jembe. Akavuka daraja, akaacha lami, akashika kushoto. Lakini tangu enzi za Landrova mvua zilikuwa zimeshusha nusu ya milima ile, na makanisa yaliyoanguka paa yalikuwa mengi kuliko yaliyosimama. Nyuma ya kila kanisa mtu anaweza kwenda pande zote. Alichimba hapa, akachimba pale, mpaka wenyeji walipomhurumia wakamrudisha nyumbani.

Mzee Gwakisa alifariki kabla mvua hazijakatika. Hakuwa amesema tena habari za koti. Kila Tusajigwe alipokwenda alisimama, akasema gari liko tayari.

Kisha ujumbe ukaja kutoka juu mlimani: Jumamosi tunazika.

Tusajigwe alikuta watu wengi, wamejifunika sweta na kanga, wamesimama kuzunguka shimo. Hakuna aliyemkataza kupita. Kwenye mkeka palikuwa na gauni la bluu lililopigwa pasi, na viatu vya mwalimu. Bibi Sekela alimfuata hadi aliposimama, akamnyooshea panga, mpini mbele.

"Kata."

"Mama, mimi si wa ukoo huu."

"Hukata yule aliyesema basi," Bibi Sekela alisema. "Mimi sikusema. Sijawahi kusema."

Watu waliangalia chini. Tusajigwe alipokea panga. Aliuchagua mgomba uliokaribiana na kimo cha msichana, akapiga, na panga likazama kirahisi mno katika shina laini, lenye maji mengi. Shina lilipoanguka, utomvu ulimrukia kwenye viganja na mikono ya shati lake jeupe la mahakamani. Akina mama walilivisha gauni la bluu. Walilifunga vifungo vyote, hata cha shingoni. Ndipo kilio kilipopanda, na yeye akalia pamoja nao, kwa sauti, bila kujizuia.

Walipomaliza kufukia, Bibi Sekela alitoka ndani na jagi la maji. Desturi inataka aliyekata anawishwe na mfiwa.

"Nyoosha mikono."

Akanyoosha. Maji yalikuwa baridi.

"Wale mahabusu wako," Bibi Sekela aliuliza. "Wamevishwa kofia?"

"Hapana, mama. Jaji amekataa. Na amekataza pia akina mama wa kuwalisha ili wawahoji."

"Walikuwemo wasio na hatia?"

"Wawili. Wameachiwa."

Bibi Sekela alitikisa kichwa taratibu, akikubali. "Atupele angekushukuru," alisema. "Alikuwa hivyo hivyo kama wewe. Mimi siwezi, mwanangu. Usije tena hapa kutafuta shukrani."

"Sitakuja, mama."

Utomvu wa mgomba hautoki kwa maji, na wote wawili walilijua hilo. Bibi Sekela aliendelea kummiminia mpaka jagi likaisha.